Mifuko Iliyopinda

Mkemia wa maabara ya serikali hakuwa na kawaida ya kupiga simu kabla ya chai, kwa hiyo alipopiga mapema siku ile Inspekta alijua kwamba majibu hayatamfurahisha mtu.

"Sumu hakuna," alisema mkemia. "Si ya panya, si ya mimea, si ya dukani. Nimetafuta mpaka macho yameniuma."

"Mzee kafa kwa nini basi?"

"Kwa chakula. Vijidudu vimezaliana ndani ya ule mchuzi wa nyama na maharage, vikaacha sumu yao humo. Hiyo haiondoki hata uchemshe mpaka sufuria itoboke. Kijana angetapika, angeharisha, angepona. Mzee wa umri ule, mwenye figo zile, hapana."

"Vimezaliana lini?"

"Chakula kilipokaa vuguvugu kwa muda mrefu. Kama ni kabla hakijagandishwa au baadaye, darubini haisemi. Hiyo ni kazi yako."

Inspekta alikata simu, akavua viatu chini ya meza. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu juzi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshughulikia vifo vya majumbani kwa muda mrefu kiasi kwamba alipoalikwa mahali kula, jicho lake lilianza na vifuniko vya sufuria.

Mkubwa wake alisimama mlangoni, tai imelegea.

"Si sumu?"

"Si sumu."

"Basi ni uzembe. Aliyepika ni nani? Mke wa mwana. Mlete. Uzembe uliosababisha kifo. Binti wa marehemu yuko tayari kutoa ushahidi, na mimi nataka jina kabla ofisi haijafungwa."

"Alipika yeye, lakini hakuwepo chakula kilipoliwa."

"Sumu ya nyoka haingoji nyoka awepo," alisema Mkubwa, akaenda zake akiwa ameridhika na msemo wake.

Inspekta alivaa viatu tena. Swali lilikuwa moja tu: kabla ya kuganda, au baada? Kama ni kabla, mke wa mwana angelala mahabusu usiku huo.

Koplo aliendesha gari kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na muhogo wa kuchoma.

"Mimi kwangu," alisema, "mke wangu anasema chakula cha jana ni cha mbwa. Halafu anakiweka mezani, ananiangalia."

"Unakula?"

"Ningefanyaje, afande? Mbwa hatuna."

Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa nyumba zinazofanana, yenye geti la bati. Viti vya plastiki vya kukodi vilikuwa bado vimebebanishwa ukutani. Marehemu alizikwa siku iliyotangulia. Mjane, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikaa barazani kwenye kiti cha mkono, fimbo imelala mapajani. Taa ya baraza ilikuwa inawaka mchana kweupe, pengine waliolala nje msibani waliisahau.

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Pita." Bibi aliinua fimbo bila kunyanyuka, akagonga swichi iliyokuwa juu ya bega lake. Taa ikazimika. "Watu wamekuja kunililia mume wangu, wameniachia taa zinawaka. Jua lote hili linafanya kazi gani?"

"Umepata kula leo?"

"Uji. Meno yangu yaliyobaki ni ya kuonea aibu tu. Hata usiku ule nilikunywa uji. Wao ndio walikula nyama."

Binti wa marehemu aliwapokea jikoni. Alikuwa msusi, mrefu, kucha zimepakwa rangi iliyoanza kubanduka, na uso wake bado ulikuwa umesinyaa kwa ugonjwa. Alikuja kukaa kwa wazazi wake wakati kaka yake, dereva wa malori, alipokuwa safarini, na mke wa kaka yake alipokwenda kumuuguza mama yake mzazi. Yeye na baba yake walikula mchuzi ule. Yeye alipona.

"Mmekuja kumchukua?" aliuliza.

"Tumekuja kuuliza."

"Mnauliza nini tena? Sumu ya panya si mliiona juu ya kabati?"

"Tuliiona. Ilikuwa haijafunguliwa. Na maabara inasema si sumu."

Msusi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Kama si sumu ya dukani, basi ni ya huyu wifi yangu na vyakula vyake vya barafu. Kaka yangu hakuoa mke, alioa friza. Siku yake ya mapumziko anapika sufuria moja kama ya harusi, anagawa kwenye mifuko, anagandisha, halafu wiki nzima watu wanakula mawe. Eti anabana matumizi. Kamuulize baba kama yamebanika."

Friza ilisimama kwenye pembe, ya zamani, yenye mlango wa mbele na kutu miguuni. Mlango wake ulikuwa umepigwa utepe mpana wa gundi kutoka upande hadi upande, na juu ya utepe mtu ameandika kwa kalamu nene: MSILE.

"Nani kaufunga?"

"Yeye. Amerudi kutoka kwao, baba yuko hospitali, jambo la kwanza ni kufunga friza. Mtu asiye na hatia anaficha nini?"

"Wewe ulitoa mfuko wa mchuzi mwenyewe?"

"Asubuhi. Nikauweka kwenye bakuli juu ya meza, ukayeyuka, jioni nikaupasha."

"Wifi yako alikuelekeza hivyo?"

Msusi alikuna rangi ya ukucha. "Aliniambia niutoe usiku wa kuamkia, niuweke chini kwenye friji ndogo uyeyuke polepole. Nikasahau. Lakini ulikuwa umeshayeyuka nusu! Niliukunja ukakunjika, haukunipa shida yoyote. Nikasema Mungu mkubwa, kumbe si lazima kungoja."

Koplo aliacha kutafuna.

"Rudia," alisema Inspekta. "Ulipoutoa friza, asubuhi, kabla hujauweka kwenye bakuli. Ulikunjika?"

"Kama blanketi."

"Siku hizo umeme ulikatika?"

"Hata sekunde. Ile redio unaiona?" Juu ya rafu palikuwa na redio yenye saa, namba zake nyekundu zikisoma saa sahihi. "Umeme ukikatika inarudi sifuri, inapepesa kama kichaa. Niliirekebisha siku niliyofika, haijapepesa mpaka leo."

Inspekta aliitazama redio, akaufuata waya wake ukutani mpaka kwenye soketi iliyo juu ya meza. Waya wa friza ulishuka upande mwingine, nyuma ya friza yenyewe, gizani.

"Koplo, glovu. Kata utepe."

Ndani mlikuwa na baridi kali na harufu ya kitunguu kilichokufa. Kila kitu kilikuwa kigumu. Inspekta aliugonga mfuko mmoja kwa kalamu, ukalia kama kigae. Alitoa rafu nzima, akaiweka mezani chini ya dirisha.

Mifuko ilikuwa imesimamishwa safu, lakini hakuna uliokuwa umesimama wima. Ilikuwa imejikunja kiunoni, matumbo yameshuka chini, mmoja umeegemea mwingine mpaka imeshikana. Uliokuwa mwisho ulipenyeza chini yake kati ya nyaya za rafu, na sasa sehemu ile ilikuwa imeganda katika umbo la nyaya zenyewe. Tone la mchuzi lilining'inia chini ya rafu kama nta ya mshumaa.

"Mwite," alisema Inspekta.

Mke wa mwana, mtaani walimwita Fundi, kwa sababu alishona sare kiwandani, na nyumbani jina lile lilimkaa. Aliingia akiwa amejifunga khanga kichwani, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyekwishaambiwa kwamba gari linamsubiri. Alipoiona rafu mezani hakuitazama mara ya pili.

"Ulipikaje?" aliuliza Inspekta. "Tangu mwanzo, na usiruke."

"Nilipika mchuzi asubuhi, siku yangu ya mapumziko. Ulipoiva nikaugawa kwenye mabakuli mapana, nikayakalisha ndani ya beseni la maji baridi. Nikabadilisha maji mpaka ukapoa. Sitii chakula cha moto kwenye friza, kinaamsha na vingine. Nikamimina kwenye mifuko, nikatoa hewa, nikailaza kwenye sinia iwe bapa, nene kama kitabu cha shule. Ikishaganda, naisimamisha."

"Kwa nini bapa?"

"Kwanza inaganda upesi. Pili, kuna siku nachelewa kazini. Kitu chembamba hakikucheleweshi kuyeyuka."

"Na wifi yako anasema ulifunga friza kuficha," Koplo aliingilia.

"Niliandika msile. Anayeficha haandiki."

"Wifi, maneno unayo!" alisema msusi kutoka kwenye ndoo yake. "Ungeyatumia hospitali."

"Nilikuwa hospitali, wifi. Nilikuwa nafua mashuka ya baba."

Msusi aliinamia kucha zake.

Inspekta aliuliza, "Mchuzi wa sufuria ile ile, kuna mwingine aliyekula?"

Fundi alifikiri. "Mama yangu. Niliondoka na mfuko mmoja, nikaufunga kwa magazeti na taulo. Tuliula siku niliyofika: mama, mimi, mwanangu, na dada zangu."

"Nani aliumwa?"

"Hakuna. Mama yangu mgonjwa, ndiye aliyeomba kuongezewa."

Koplo alichukua namba, akatoka nje na simu. Walimsikia akipaza sauti nyuma ya ukuta kama wote wanaozungumza na wazee kwenye simu. Alirudi akipangusa sikio. "Mama wa watu anasema walikula, wakalamba sahani, hata tumbo halikunguruma. Na anauliza binti yake amefanya nini."

Kwa hiyo haikuwa kabla. Sufuria ilikuwa safi, beseni lilifanya kazi yake. Mfuko mmoja uliondoka nyumbani ukiwa salama, pacha wake ukabaki, ukaua. Kilichotokea kilitokea ndani ya friza, baada ya Fundi kuondoka. Mifuko ilikuwa laini asubuhi ile na ni migumu sasa. Iliyeyuka, ikagandishwa upya, na kwa jinsi ilivyoshuka, si mara moja.

Inspekta alichana kipande cha gazeti, akakibana kwenye mlango wa friza, akakivuta. Kilitoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka kama yeye. Friza ya namna hiyo, nusu tupu, ikizimwa usiku wa joto, isingehifadhi baridi. Na wembamba ule ule uliofanya chakula kigande upesi ungekifanya kiyeyuke upesi.

Alipiga magoti kwa shida, akawasha tochi ya simu, akamulika nyuma.

Soketi ilikuwa chini, kwenye upenyo ambao mkono wa mtu mzima haupiti zaidi ya kiganja. Vumbi kuzunguka miguu ya friza lilikuwa limetulia. Friza haikuwa imesogezwa. Plagi ilikuwa na utando wa buibui; haikuwa imechomolewa. Lakini swichi iliyo juu yake ilikuwa safi, na rangi nyeupe ya ukuta pande zote ilikuwa na alama nyeusi za mviringo, nyingine nzima, nyingine nusu, kama mtu aliyepiga mhuri gizani akikosea mahali.

Inspekta alibaki palepale chini muda kidogo. Koplo alidhani magoti yamemgoma, akampa mkono.

"Dada," Inspekta alimwambia msusi, "nenda ukakae na mama yako. Usiseme kitu."

Msusi alipotoka, Inspekta alikaa kwenye ndoo aliyoiacha.

"Ulipofungua friza, ulitaka nini?"

"Barafu," alisema Fundi. "Baba alikuwa na homa."

"Ukaiona mifuko."

"Ndiyo."

"Ukachungulia nyuma."

Fundi alikaza fundo la khanga.

"Mtu anayeona chakula chake kimeharibika anapiga kelele. Anauliza nani kazima. Wewe ulipiga utepe, ukanyamaza, wakakuita muuaji ukanyamaza, wakazika ukanyamaza. Ulikuwa unajua tayari. Nisaidie, nimechoka, na Mkubwa wangu anataka jina kabla ya jioni. Bila maelezo, jina alilonalo ni lako."

"Aandike langu."

"Una mtoto."

"Ana bibi yake." Fundi aliitazama mifuko kwa mara ya kwanza. "Ungekuwa wewe ungesemaje? Usimame mbele ya watu waliokaa chini msibani, wewe mke wa mtu, mtu wa kuja, useme mama mkwe ndiye aliyemuua mumewe? Nani angekuamini? Na akikuamini, ndiyo mbaya zaidi. Mama ataishije?"

"Aliwahi kukuambia uizime?"

"Kila siku. Nami kila siku nacheka, namwambia mama, friza si redio. Nikajua tumeelewana."

"Mimi siandiki huruma," alisema Inspekta. "Naandika kilichotokea. Lakini nitamuuliza yeye mwenyewe, na kwa adabu."

Bibi alikuwa amehamia sebuleni. Jua lilikuwa linaondoka madirishani na chumba kilikuwa cha kijivu, lakini hakuna aliyewasha taa; katika nyumba ile taa iliwashwa kwa idhini. Mumewe alipenda kukalia kiti cha upande wa pili, na kiti kile kilikuwa kimegeuzwa kikatazama ukuta. Msusi alikaa mkekani miguuni mwa mama yake. Mguu wa fimbo ya Bibi ulikuwa na soli ya mpira mweusi, na kila ulipogusa sakafu uliacha doa la mviringo.

"Mama," alisema Inspekta, "friza huzimwa usiku?"

Bibi alitoa sauti ya mtu ambaye hatimaye amepata wa kumwelewa. "Mkwe wangu akiwepo haizimwi. Hataki. Ni mchapakazi, sina neno naye, lakini kwenye umeme hana huruma. Alipoondoka nikasema sasa tutaona. Watu wakilala, naizima. Nikiamka alfajiri, naiwasha kabla huyu mvivu hajafungua jicho. Ile swichi ni ya matata, mpaka uilenge na fimbo."

"Hukuogopa chakula kuharibika?"

"Kimeshaganda, mwanangu! Jiwe linataka umeme wa nini? Sisi tumelea watoto bila friza. Mkwe wangu anabana matumizi kwa kupika mara moja, na mimi nabana kwa..."

Aliishia hapo. Alimtazama Inspekta, kisha Koplo aliyekuwa anaangalia kofia yake, kisha Fundi mlangoni. Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Kwa nini unaniuliza friza?" alisema Bibi.

Inspekta hakuwa na njia nyingine ya kusema isipokuwa ile iliyonyooka. "Kwa sababu chakula kilikuwa kinayeyuka usiku na kuganda mchana, mama. Kikaharibika. Kugandishwa tena hakukiponyi, na kuchemshwa hakukiponyi. Hukujua."

Fimbo iliteleza mapajani ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.

"Mzee alisema mchuzi una uchachu kidogo," Bibi alisema taratibu. "Nikamwambia kula, baba, hapa hatutupi chakula. Akala. Alikuwa hapendi kelele." Aliinyoosha mikono yake miwili mbele, ikiwa pamoja. "Basi nichukue."

"Kuzima swichi ya nyumba yako si jinai, mama. Nitaandika ajali."

"Si jinai," alirudia Bibi. Aliishusha mikono. "Mkwe wangu, wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukawaacha wakuseme."

"Ulikuwa na msiba."

Simu ya Inspekta ilitetemeka mfukoni. Alitoka nayo barazani. Mkubwa hakusalimia. "Jina?"

"Hakuna jina," alisema Inspekta. "Kuna swichi."

"Swichi haisimami kizimbani!"

"Wala mtu yeyote wa nyumba hii hatasimama. Nitakuletea mifuko uione mwenyewe, ila usiifungue." Alikata, akashuka ngazi akishika ukuta. Koplo alikwishalifungua sanduku la barafu la maabara nyuma ya gari, na alikuwa anapanga mifuko humo mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kama vyombo vya watu.

Nyuma yao giza lilikuwa limekwishaingia ndani ya nyumba. Dirisha lilikuwa wazi na sauti zilitoka.

"Washeni taa," Bibi alisema.

"Ipi, mama?" Ilikuwa sauti ya msusi, nene kwa machozi.

"Zote."

Nyayo zilipita chumba hadi chumba. Sebule ikawaka, kisha jikoni, kisha ukumbi, na mwisho ile ya baraza, juu ya kiti kitupu cha mkono. Inspekta alingoja ndani ya gari, mlango wazi, viatu mkononi, kuona kama kuna atakayezima. Hakuzima mtu.